Saga Moja, Vyombo Vitatu: Mbinu Kutoka The Dark Tower

Agosti 2017 filamu ya The Dark Tower iliingia kwenye majumba ya sinema ikiwa na urefu wa dakika 95. Nyuma yake kulikuwa na riwaya nane za Stephen King. Alianza kuziandika mwaka 1970, akachapisha ya kwanza 1982 na ya saba 2004, kisha 2012 akaongeza nyingine inayoingia katikati. Ni hadithi ya Roland Deschain, mpiga bastola wa mwisho katika dunia inayochakaa, anayeusaka mnara unaoshikilia dunia zote zisiporomoke. Humo mna makauboi, wachawi, mashine za kale zilizoingiwa na wazimu, na milango iliyosimama peke yake ufukweni, ukiifungua unatokea New York. Filamu iligharimu takribani dola milioni 60, ikaingiza kama milioni 113 duniani kote, wahakiki wakaiponda, na sehemu ya pili haikuja.

Miaka kumi kabla yake, Februari 2007, kampuni ya Marvel ilikuwa imeanza kuichapa saga hiyohiyo kwa katuni. Wasomaji walizipokea vizuri, na zikaendelea kwa vipindi karibu muongo mzima. Shujaa ni yuleyule na mnara ni uleule.

Wengi husema filamu iliangushwa na ufupi. Mimi sikubali. Dakika 95 zinatosha kusimulia jambo kubwa sana, na picha nyingi za kauboi tulizokua nazo hazikuzidi hapo. Filamu iliangushwa na mahali kisu kilipopita. Kwa yeyote anayetaka kuihamisha hadithi ndefu ya namna hii, iwe ya King au ya kwake mwenyewe iliyojaza madaftari nyumbani, hapo ndipo pa kuanzia.

Tafuta deni la staringi

Katika kitabu cha kwanza Roland anamfuata mtu mwenye nguo nyeusi jangwani. Njiani anamkuta mtoto, Jake Chambers, aliyekufa New York kwa kusukumwa mbele ya gari na kuzindukia katika dunia ya Roland. Mtoto anamwamini, naye Roland anampenda kama mwanawe. Wanapita chini ya milima kwa njia ya reli ya kale, na kwenye daraja lililooza mtoto anateleza, akabaki ananing'inia. Mbele yao, kwenye mwanga, yule mtu mwenye nguo nyeusi amesimama, na Roland akichelewa tu atampoteza. Roland anamwacha mtoto aanguke.

Vitabu vyote vinavyofuata vinalipa deni hilo. Mashaka yanayompata Roland, kila rafiki anayempata na kuogopa kumpoteza, yanapimwa kwa daraja lile. Filamu ililiondoa. Roland wa filamu hausaki mnara. Anataka kulipiza kisasi cha baba yake, na Jake anakuwa mtoto wa kulindwa, ambaye anaishia salama. Idris Elba alimwigiza Roland kwa uzito mkubwa, na kwangu yeye ndiye jambo bora kuliko yote katika filamu ile, lakini alipewa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Kwa hiyo kabla hujagusa skripti, andika sentensi moja yenye nafasi mbili: anataka nini, na ili akipate yuko tayari kupoteza nini. Jaza zote mbili. Kwa Roland jibu ni mnara, na mtu yeyote anayempenda. Ukishindwa kujaza nafasi ya pili, ama hujaielewa saga bado, ama saga yenyewe ina tatizo na ni heri ulijue sasa. Ukishaipata, tafuta tukio linaloionesha waziwazi na uliwekee alama nyekundu. Mengine yote yanaweza kukatwa, kuunganishwa au kuhamishwa. Hilo libaki.

Daftari kabla ya skripti

King alipokuwa akimalizia vitabu vya mwisho, vilivyotoka 2003 na 2004, alihitaji mtu wa kumkumbusha nani alisema nini kitabu kipi. Kazi hiyo aliifanya Robin Furth, aliyepanga majina, mahali, lahaja na vitu vyote vya saga kwa mpangilio wa faharasa, na baadaye faharasa hiyo ikachapishwa kama vitabu. Marvel walipoanza katuni, Furth ndiye aliyepanga mtiririko wa matukio, na Peter David akaandika maneno. Nadhani huo ndio uamuzi wao wa busara kuliko wote.

Wewe pia fanya hivyo. Soma saga mara ya kwanza bila kalamu, kisha uirudie ukiwa na daftari. Kwa kila mhusika andika anaingia lini, anatoka lini, anajua siri gani na ameijua ukurasa upi. Kwa kila kitu chenye nguvu, kama bastola, pembe, ufunguo au tufe la kioo, andika kinafanya nini na hakiwezi nini. Safu hiyo ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa ukifika kwenye sheria za uchawi.

Chagua mlango wa kuingilia

Saga ya King ina milango mitatu, na yote imeshajaribiwa. Unaweza kuanza pale kitabu kinapoanza, jangwani, mtu akimfuata mtu. Unaweza kuanza na ujana wa Roland, ambao King mwenyewe aliuchelewesha mpaka kitabu cha nne cha mwaka 1997, ambapo safari inasimama na Roland anawasimulia wenzake mkasa wa Susan Delgado, msichana aliyempenda katika mji wa Hambry na akachomwa moto na watu wake mwenyewe. Au unaanza kwetu, New York, ukiwa na mtoto anayeota mnara.

Filamu ilichagua mlango wa tatu. Sababu yake inaeleweka: mtazamaji mgeni anashikwa mkono na mtoto anayetoka katika dunia anayoijua. Hasara yake ni kwamba hadithi inakuwa ya mtoto, na Roland anabaki mtu wa kusaidia.

Marvel walichagua ujana. Mfululizo wao wa kwanza, The Gunslinger Born, ulikuwa na matoleo saba tu. Unaanza na Roland wa miaka 14 akimpa changamoto mwalimu wake Cort, na silaha aliyoichagua ni mwewe mzee aitwaye David. Unaishia na moto wa Hambry. Kijana anashinda mtihani, anapelekwa mbali, anapenda, anapoteza, anarudi amebadilika. Msomaji asiyejua lolote kuhusu mnara anaweza kusoma matoleo hayo saba akashiba. Ukiwa na saga kubwa na fedha kidogo, tafuta kipande kama hicho ndani yake, chenye mwanzo na mwisho wake.

Tahadhari moja kuhusu ujana: katuni haina shida ya umri, televisheni inayo. Amazon walitengeneza sehemu ya majaribio ya tamthilia kuhusu Roland kijana, wakairekodi Kroatia mwaka 2019, na mwanzoni mwa 2020 wakaamua kutoiendeleza. Hata kama wangeiendeleza, wangefika mahali pa kumbadilisha mwigizaji kijana kwa mtu mzima, na watazamaji wangelazimika kupenda mara ya pili. Jambo hilo halishindikani, ila lipangiwe tangu msimu wa kwanza.

Tukio moja, vyombo vitatu

Tuchukue lile daraja tulione kwa karibu.

Kwenye katuni, silaha yako kubwa ni ukurasa kugeuzwa. Kitabu kikiwa wazi, ukurasa wa kulia ndio wa mwisho kuonekana kabla msomaji hajageuza. Kwa hiyo ukurasa wa kulia weka visanduku vitano. Cha kwanza ni kipana: daraja, giza chini, watu wawili wadogo kama vijiti. Cha pili, mguu wa mtoto na mbao inayokatika. Cha tatu, mkono wa mtoto ulioshika chuma. Cha nne, mtu mwenye nguo nyeusi, mwanga nyuma yake, uso hauonekani. Cha tano, chembamba kabisa chini ya ukurasa, macho ya Roland peke yake. Usiandike neno. Msomaji anageuza, na ukurasa mzima unaofuata ni picha moja: Roland amefika ng'ambo, nyuma yake daraja tupu. Kuanguka hukukuchora. Kumetokea katikati ya kurasa mbili, kwa kidole cha msomaji mwenyewe, na hatakusahau.

Angalia pia jinsi Jae Lee alivyochora matoleo ya mwanzo ya Marvel. Nyuso nyingi ziko kivulini, mandhari ya nyuma ni machache, mara nyingi ni umbo la mtu na anga. Richard Isanove alipaka rangi juu ya penseli za Lee, na rangi hizo ndizo zinazobeba joto na vumbi. Wachoraji wetu wengi hujaza kila kona ya kisanduku kwa kudhani utupu ni uvivu. Hadithi ya jangwani inautaka utupu.

Kwenye filamu huna ukurasa, una sauti na uso. Mlio wa mbao, pumzi ya mtoto, maji ya mbali chini. Kamera ikae kwa Roland kupita muda ambao mtazamaji ameuzoea. Usimwoneshe mtoto akianguka. Tuone uso wa aliyemwacha. King amesema wazi kwamba saga hii ilizaliwa kwa kukutanisha vitu vichache: shairi la Robert Browning la mwaka 1855 kuhusu Roland na mnara, safari ndefu ya Tolkien, na filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1966, The Good, the Bad and the Ugly. Leone anatoka kwenye nchi pana kabisa na kuingia kwenye macho ya mtu, kisha anangoja. Anayeipeleka saga hii kwenye sinema anairudisha ilikotoka, basi ajifunze kungoja.

Kwenye televisheni tukio hilo liwe mwisho wa sehemu, na thamani yake ije wiki zinazofuata. Katika kitabu cha pili Roland anaokoa maisha ya Jake kabla hayajapotea kule New York, na kwa hiyo katika kitabu cha tatu wote wawili wanakuwa na kumbukumbu mbili zinazopingana: mtoto alikufa, mtoto hakufa. Kila mmoja anakaribia kuwa mwendawazimu akiwa dunia yake. Filamu moja haina nafasi ya kitu kama hicho, lakini msimu wa sehemu nane au kumi unaweza kumwonesha mtu anayeoza polepole kichwani huku akitembea na wenzake kana kwamba hana lolote.

Ndivyo ninavyogawa saga yoyote. Katuni ipewe kumbukumbu, hadithi za kale na nchi zisizojengeka kwa fedha za kawaida. Televisheni ipewe watu wanaokusanyika na kuzoeana: Eddie Dean aliyetekwa na heroini, Susannah asiye na miguu, mtoto Jake, na mnyama aitwaye Oy. Filamu ipewe kipande chenye saa inayokimbia. Katika saga hii, kipande hicho kwangu ni kitabu cha tano. Kijiji cha wakulima ambako karibu watoto wote huzaliwa mapacha, na kila baada ya kizazi wanakuja wapanda farasi, wanachukua mmoja katika kila jozi, wanamrudisha akili imeharibika. Tarehe ya kuja inajulikana. Wanakijiji wanaajiri wapiga bastola, na wanawake wanajiandaa kupigana kwa sahani za chuma zenye makali wanazozirusha. King ameazima mkasa huo kwa mwongozaji Kurosawa na kwa The Magnificent Seven ya John Sturges, tena bila kujificha, maana kijiji kinaitwa Calla Bryn Sturgis. Hiyo ni filamu iliyojileta yenyewe.

Risasi zihesabike, uchawi uwe na mpaka

Hadithi ya kauboi ikichanganywa na njozi hufa pale staringi anapopata risasi zisizoisha na mchawi anapoweza kila kitu. Kitabu cha pili kinaonesha dawa yake. Roland amelala ufukweni, maji yanamlowesha, na risasi zake nyingi zinaingiwa na unyevu. Viumbe wa baharini wanamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kuanzia hapo, kila anapovuta kifyatulio hajui kama bastola italia. Mpiga bastola mkuu wa dunia amekuwa mtu wa kubahatisha kwa mkono wa kushoto, na kila mlio mtupu unakushtua kuliko mizinga kumi.

Filamu ilipendelea kasi ya Roland kujaza bastola, na kwa macho ilipendeza. Lakini kasi hiyo haimtii mtazamaji hofu. Katika skripti yako, andika pembeni ya kila pambano idadi ya risasi zilizobaki. Kwa mchawi andika gharama: anachoka, anasahau, anazeeka, anahitaji kitu cha mtu. Kama hakuna gharama, punguza nguvu.

Ukivuta uzi, fuata mpaka mwisho

Katika vitabu Roland ni mzungu mwenye macho ya buluu. Elba alipochaguliwa, King mwenyewe aliunga mkono hadharani, nami naona ulikuwa uchaguzi mzuri. Ila kuna kazi inayokuja na uchaguzi kama huo. Susannah, anapotokea mara ya kwanza, ni Odetta Holmes, mwanamke mweusi wa miaka ya 1960 aliyepigania haki za raia, na ndani yake mna nafsi nyingine, Detta Walker, inayowachukia wazungu kwa sababu zinazoeleweka. Nusu ya moto wa kitabu cha pili ni Detta dhidi ya Roland na Eddie, wanaume wawili weupe waliomshika. Roland akiwa mweusi, moto huo lazima uwashwe kwa kuni nyingine: labda anamwona msaliti, labda chuki yote inamwangukia Eddie. Inawezekana kabisa, na pengine ikazaa kitu kikali zaidi. Kinachokataliwa ni kubadili mtu na kuacha mazungumzo yalivyokuwa.

Kila unapobadili umri, jinsia, rangi au kazi ya mhusika, rudi kwenye daftari, orodhesha matukio yote anayogusana na wengine, na ujiulize kila moja linaendeshwa na nini sasa.

Lugha ya saga inahitaji mkono mwepesi. King ameitungia dunia ya Roland misamiati na namna za kusalimiana. Peter David aliyatumia hayo katika sauti ya msimulizi, kama mzee anayewahadithia watu jioni, na kwenye katuni yalikaa vizuri kwa sababu msomaji anaweza kurudi nyuma. Kinywani mwa mwigizaji, maneno matatu au manne yanatosha kwa filamu nzima. Chagua salamu, kiapo na jina la urafiki wao, mengine yaseme kwa lugha ya kawaida.

Haki, na njia ya asiye na fedha

Saga hii ilihangaika miaka mingi kwa mambo ya mikataba. Mwaka 2007 J.J. Abrams na Damon Lindelof walipewa haki ya kuitengeneza kwa dola 19, namba yenye maana kubwa ndani ya hadithi, na baadaye wakaacha wenyewe. Ron Howard na Akiva Goldsman wakaja na mpango wa filamu tatu na tamthilia katikati yake. Universal walijitoa 2011, Warner Bros. 2012. Mwishoni mwa 2022 ikatangazwa kwamba haki amezichukua Mike Flanagan, mwongozaji wa Doctor Sleep, mwenye mpango wa misimu mitano na filamu mbili.

Katika misukosuko yote hiyo katuni ziliendelea kutoka, kwa kuwa haki ya katuni na haki ya filamu ni vitu viwili. Kwa mwandishi mwenye saga yake hili ni muhimu sana. Usisaini karatasi inayompa mtu mmoja haki zote za vyombo vyote milele. Gawa: katuni, filamu, tamthilia, redio, kila moja na muda wake, na muda ukiisha bila kazi kuanza, haki irudi kwako. Sajili kazi kwanza, COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya.

Na kama unatamani dunia ya Roland bila uwezo wa kumlipa King, rudi kwenye chanzo cha mto. Browning alifariki 1889 na shairi lake ni huru kwa kila mtu. Shujaa aliyechoka, nyika iliyokufa, mnara mwishoni: hivyo unaweza kuvichukua leo. Usichoweza kuchukua ni vile alivyoongeza King, yaani bastola, wenzake wa safari, majina ya miji yake.

Mwisho ulio duara

Asiyetaka kujua saga inaishaje aishie hapa. Roland anaufikia mnara, anaupanda, anafungua mlango wa mwisho na kujikuta jangwani tena, mwanzo kabisa, bila kumbukumbu. Tofauti ni moja: safari hii anayo pembe ya mababu ambayo zamani aliiacha kwenye uwanja wa vita.

Mwaka 2016 King aliweka mtandaoni picha ya pembe hiyo, na mashabiki wakaelewa kwamba filamu itakuwa mzunguko mwingine wa safari. Wazo lilikuwa zuri mno. Linakuruhusu kubadili karibu kila kitu bila kukisaliti kitabu. Lakini mtazamaji asiyesoma vitabu hakuwa na njia ya kujua pembe ni nini, na kwake ilikuwa pambo tu. Kitu cha wajuaji lazima kifanye kazi kwa wageni pia. Kama ni pembe, basi mwanzoni tumwone Roland kijana akiiacha, tuone nani alimwomba aiokote na kwa nini hakuinama. Kisha mpe skripti mtu asiyeijua saga kabisa, umwache asome peke yake. Akifika mwisho akiuliza pembe ilikuwa ya nini, rudi kwenye kurasa kumi za kwanza uitafutie kazi.